Hadithi za kubuni zinawafungua vijana macho au zinawaliza tu?

Mwalimu_Busia
Wadau habari zenu. Nafundisha Kiswahili sekondari huku Busia, Uganda. Juzi niliwasomea S2 (kidato cha pili) hadithi fupi ya mzee wa boda mwenye TB, anameza dawa miezi miwili, kikohozi kinakata, anaacha, mwisho anamwambukiza bintiye. Sasa mzazi mmoja kanipigia simu anafoka eti kwa nini namsomesha mwanawe umaskini na magonjwa wakati anaviona nje ya geti kila siku, nimfundishe ngeli apasi mtihani. Nyinyi mnaonaje? Na kama kuna vitabu tupieni majina.

Nesi_WestNile
Mwalimu usirudi nyuma hata kidogo!! Niko kliniki ya TB na hiyo ya miezi miwili ndo kilio chetu, dozi ni miezi sita lakini mtu akishaacha kukohoa akanenepa kidogo anajiona kapona, humwoni tena mpaka aletwe hajiwezi na pengine dawa za kawaida zishagoma. Mabango ya "maliza dozi" yamejaa ukuta mzima, watu wanayaegemea tu wakingoja foleni. Bango halikwambii mtu anaacha kwa nini. Hamu ya kula inarudi na nyumbani sufuria tupu, mkojo unageuka rangi ya chungwa anadhani figo zimekufa, nauli nayo hana. Hayo utayakuta kwenye hadithi.

KijanaWaKatwe
Mi naona mzazi ana pointi, nusu lakini. Mtoto wa mtaa wa mabanda kama Katwe, Kampala, umwonyeshe umaskini na kitabu wakati mvua ikinyesha maji ya mtaro yanaingia mpaka chini ya kitanda? Wa kufunguliwa macho ni hao wa bodingi wanaoshushwa na gari. Halafu hadithi nyingi maskini wake ama mtakatifu ama marehemu, hakuna anayecheka, hakuna anayekopa rolex (chapati ya mayai) akamkwepa mwenye kibanda wiki nzima. Ukisoma unajiona unahurumiwa tu, inakera.

Mwalimu_Busia
@KijanaWaKatwe hapo kwa mtakatifu nakubali kabisa. Ila hawa wangu hawakulia, walimtukana yule mzee, mjinga, muuaji, kelele mpaka darasa la jirani. Kisha binti mmoja ambaye kakake ni wa boda akauliza kwani pikipiki ni yake? Basi ubishi ukahamia huko, wakaanza kupiga hesabu nyuma ya madaftari, pesa ya mwenye pikipiki, mafuta, siku nzima kliniki bila abiria hata mmoja, ugali wa watoto. Kuna waliotoka bado wanamlaumu, lakini sasa wanamlaumu wakijua bei.

Mzee_Kyotera
Wanangu, sisi wa upande wa Kasensero, huku Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 80 ukimwi ulipoanza kutumaliza tuliuita Slim, na hadithi iliyotembea ni kwamba wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa mali zao wameturoga. Watu waliimeza nzima nzima, wakakimbilia kwa waganga. Mwanamuziki wetu Philly Lutaaya alipojitokeza 1989 akasema anao, wapo waliodai anatafuta kuuza muziki, na Desemba mwaka huohuo akafariki, ARV za bure zimekuja 2004. Kwa hiyo huyo mzazi aelewe kwamba mtoto hadithi atazipata tu, za kijiweni hazina mwalimu wa kuulizwa.

MamaPacha_Jinja
Kitabu: Ua la Faraja cha William Mkufya wa Tanzania, cha 2004, kinahusu ukimwi. Kinene lakini, na kina mambo ya wakubwa, S2 wachagulie kurasa mwalimu usije ukapigiwa simu nyingine 😂

KijanaWaKatwe
Sasa mwalimu, pikipiki ilikuwa ya nani?

Mwalimu_Busia
Hadithi haijasema. Wanabishana mpaka leo.

Nesi_WestNile
Nitumie WhatsApp hiyo hadithi, Alhamisi nina foleni ndefu.