Re: Wiski ya kumpelekea baba mkwe

Habari za wikendi wadau. Mwezi ujao naenda Moshi, baba mkwe anastaafu na ameagiza wiski ya Uskoti, ila ya kiwanda kidogo, "siyo hizo zinazojaa baa za hapa". Nimeona Edradour ya miaka 10. Nikiiweka ndani miaka mitano si itakuwa ya 15? Na forodha je?
Dada yenu, Aberdeen

---

Dada, mpe mzee hongera. Edradour umechagua vizuri. Wako juu kidogo ya Pitlochry: kuta nyeupe, milango myekundu, kijito kinakatiza katikati, ukipita haraka utadhani ni boma la mfugaji. Mitungi yao ya shaba ya kukenekea ni midogo mno, ndiyo maana chupa zao huzioni kila duka.

Ya kuweka ndani, sahau. Wiski hukomaa ndani ya pipa la mwaloni tu. Ikishatiwa kwenye chupa, ya miaka 10 itabaki ya miaka 10 hata wajukuu wairithi. Na namba ya kwenye lebo ni umri wa ile changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Sheria inadai angalau miaka 3 pipani, na kila mwaka asilimia 2 hivi inayeyuka hewani. Unaponunua ya miaka 25 unalipia na iliyopotea, kwa hiyo usishangae bei.

Mimi ningechukua Caledonia yao ya miaka 12. Ina kilevi asilimia 46, ile ya 10 ina 40, na ukiidondoshea maji kidogo ladha ya zabibu kavu bado ipo. Mzee akitaka kutia soda, mwacheni, chupa ni yake!

Forodha: Afrika Mashariki msafiri wa miaka 18 na kuendelea anaruhusiwa lita 1 ya pombe kali bila ushuru. Chupa ni sentilita 70, kwa hiyo moja inapita, ya pili utailipia. Shemeji akiwepo naye abebe yake. Iviringishe kwenye kitenge, iingie katikati ya nguo kwenye begi kubwa, siyo la mkononi. Ukinunulia uwanja wa ndege na unabadilishia Doha, ule mfuko uliofungwa usiufungue njiani, na risiti ibaki humo humo.

Halafu maduka ya huku yanauza pombe saa 4 asubuhi hadi saa 4 usiku tu, usingoje alfajiri ya safari.
Kaka, Perth

---

Naongezea. Ukienda Pitlochry wenyewe, gari liache. Kikomo cha pombe kwa dereva Uskoti ni miligramu 50 kwa mililita 100 za damu tangu Desemba 2014. England ni 80, wageni wengi hawajui. Treni ya Perth kwenda Inverness inasimama pale pale mjini.
Mama Junior, Inverness