Riwaya ya upelelezi katika kiwanda cha wiski cha familia: tangi, chupa au moto?

Mwalimu_Milimani (Kisumu)
Hamjambo wenzangu. Naandika riwaya ya upelelezi. Familia moja ina kiwanda kidogo cha kukeneka wiski, na mzee mwenye kiwanda anakutwa amekufa siku tatu kabla ya kufunguliwa pipa lao la kwanza la miaka 12. Wake wawili, wana wanne, mhasibu mmoja. Hayo nimeyamaliza, kilichonikwamisha ni kifo chenyewe. Azimie ndani ya tangi la kuchachushia? Anyweshwe methanoli, pombe yenye sumu inayopofusha na kuua? Au ghala la mapipa lishike moto naye yumo ndani? Na mahali pia sijaamua: Scotland, Muhoroni au Molo. Nataka msomaji makini aweze kumtambua muuaji kabla ya mpelelezi, kwa ushahidi unaopatikana katika kiwanda cha wiski tu. Mngechagua ipi?

Fundi_wa_Tangi (Muhoroni)
Mwalimu, chukua tangi. Nimechachusha molasi miaka mingi, na hewa ya ukaa naiogopa kuliko moto. Hamira ikila sukari hutoa pombe na hewa hiyo kwa pamoja. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutulia chini ya tangi kama maji. Haina rangi. Mtu akiinama ndani, pumzi chache zinatosha kumwangusha. Ni kama visima na vyoo vya shimo huku kwetu: anazama mmoja, ndugu anaruka kumwokoa, wanatolewa wawili.

Lakini utamu wa mbinu hii uko kwenye saa. Kimea cha shayiri huchachuka siku mbili hadi nne, na kila zamu huandika daftarini joto la tangi na uzito wa mchachuko. Uzito huo hupimwa kwa kulinganishwa na maji, ambayo ni 1.000: huanza karibu 1.050 na kushuka hadi chini kidogo ya 1.000. Ukifika hapo sukari imekwisha, na hewa haitoki tena. Sasa tuseme mwana mkubwa anadai baba aliangukia tangi namba 2 Alhamisi usiku. Daftari linaonyesha tangi hilo lilimaliza Jumanne, likamwagwa, likaoshwa na kupulizwa hewa safi Jumatano. Hewa iliyomuua ilitoka wapi? Mzee alifia kwenye tangi jingine, kisha akahamishwa.

Nesi_Ahero
Fundi amesema kweli, na upande wa hospitali unamuunga mkono. Hewa ya ukaa haiachi alama yake pekee mwilini. Daktari atapasua maiti na hatapata cha kuandika kwa uhakika, kwa hiyo mpelelezi analazimika kurudi kiwandani na kusoma lile daftari.

Methanoli naomba uipime vizuri, Mwalimu. Nilimuuguza mama mmoja aliyekuwa akiuliza kwa nini taa hazijawashwa, na ilikuwa saa sita mchana. Novemba 2000, Mukuru Kaiyaba kule Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe yenye sumu hiyo. Mei 2014 tulizika tena katika kaunti kadhaa. Msomaji wako huenda alizika mtu.

Ukiitumia, itumie kwa haki. Wiski ya shayiri iliyokenekwa vizuri haina methanoli ya kuua, kwa hiyo lazima pawe na mtu aliyeileta kutoka nje. Tena sumu hii huchelewa: dalili zinaweza kukaa nusu siku au siku nzima bila kuonekana. Mzee akiwa anakunywa wiski yake ya kawaida juu yake, huchelewa zaidi, kwa sababu pombe ya kawaida huizuia isigeuzwe kuwa sumu kali mwilini. Ndiyo maana hospitali huweza kutibu kwa pombe hiyo hiyo. Kwa hiyo muuaji anaweza kuwa amefika Nakuru siku moja kabla macho ya mzee hayajaanza kuona ukungu. Ni fumbo zuri, lakini mimi ningechagua tangi.

Nyota_Kondele
Mimi napigia kura moto. Tarehe 28 Machi 1960 ghala la wiski liliwaka Cheapside Street, Glasgow, kuta zikalipuka, wakafa watu 19 waliokuja kuzima moto na kuokoa mali. Fikiria sura ya kwanza yenye miali hiyo!

Fundi_wa_Tangi (Muhoroni)
Dada Nyota, sura ya kwanza itawaka kweli, lakini daftari litaungua nayo. Msomaji atabaki na majivu.

Mkulima_MauNarok
Tuje kwenye mahali. Scotland ina sheria zinazosaidia hadithi: wiski haiitwi Scotch mpaka ikae angalau miaka mitatu ndani ya mapipa ya mwaloni, huko huko Scotland. Lakini Mwalimu, wewe unaijua baridi ya Molo, hujui ya kule. Shayiri tunalima hapa Mau Narok. Weka mtambo Molo, halafu familia iwe na ghala la pili Muhoroni, kwenye joto.

Hapo ndipo utamnasa mhasibu. Pipa hupumua, na kinachopotea hewani huitwa fungu la malaika. Scotland ni kama asilimia 2 kwa mwaka: pipa la lita 200 linabaki na lita 157 hivi baada ya miaka 12. Penye joto hupotea zaidi. Mhasibu ameandika 2 kila mwaka, kwa kila pipa, Molo na Muhoroni sawasawa. Hakuna aliyepima. Tarakimu zimenakiliwa tu, na kitabu kinaonyesha lita ambazo hazimo katika mapipa ya Muhoroni.

Kuna na kuvu mweusi anayeitwa Baudoinia. Huota kwenye kuta, mabati na miti karibu na mapipa, kwa sababu hupenda mvuke wa pombe. Mpelelezi akiona ukuta wa nyumba ya mke mdogo umefanya masizi na jiko liko upande wa pili, aulize nyuma ya ukuta ule kuna nini.

Wakili_Section58 (Nakuru)
Nyongeza ya sheria. Sura ya 160, Sheria ya Urithi, kifungu cha 96: aliyemuua marehemu hapati kitu katika mali yake. Na kifungu cha 40 kinagawa mali ya mwenye wake wengi kwa kuhesabu watoto wa kila nyumba. Basi si lazima muuaji awe anamchukia mzee. Huenda anataka ndugu yake ahukumiwe, fungu lake lirudi mezani.

Mwalimu_Milimani (Kisumu)
Nimeamua: tangi, Molo, na ghala la Muhoroni. Methanoli naiacha, Nesi, kwa ajili ya mama yule. Fundi, swali moja: kwenu nani hufungua mfuniko kabla mtu hajaingia kusafisha?

Fundi_wa_Tangi (Muhoroni)
Hakuna anayefungua peke yake. Ni wawili kila mara: mmoja anaingia, wa pili anabaki juu ameshika kamba. Mtafute aliyeshika kamba.