Nyimbo zetu za taarab zinapigwa hotelini: nani adai, na adai wapi?

Mtunzi, Wete
Assalaam alaykum. Mashairi yangu kadhaa yametiwa muziki na kikundi kimoja cha taarab cha Unguja. Sasa nyimbo hizo zinapigwa usiku katika hoteli moja ya pwani, na katika vibanda vya simu vijana huwajazia wateja kwenye fleshi kwa fedha kidogo, bila ya mimi wala kikundi kupata hata senti. Jamaa mmoja ameniambia nisijisumbue, kwani nchi maskini zimeruhusiwa na Shirika la Biashara Duniani kutosimamia hakimiliki hadi mwaka 2034. Je, ni kweli?

Wakili, Mjini
Waalaykumu salaam, maalim. Jamaa yako amesikia nusu ya habari. Ni kweli kwamba nchi zenye maendeleo duni zimeongezewa muda wa kutekeleza TRIPS, mkataba wa shirika hilo kuhusu haki za ubunifu, hadi tarehe 1 Julai 2034, lakini ruhusa hiyo haifuti sheria ambayo nchi imejitungia wenyewe, wala haiiondoi Tanzania katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, iliojiunga nao mwaka 1994. Hakimiliki si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyoanzisha COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar, kwa hivyo madai yako yaanzie huko na si COSOTA, mwenzake wa Bara. Kwa mujibu wa Berne, haki huzaliwa kazi inapotungwa, bila ya sharti la kusajiliwa. Hata hivyo, sajili, kwa sababu mbele ya hakimu utahitaji ushahidi.

Mpiga kanuni (ala ya nyuzi ya taarab), Mji Mkongwe
Sheria tunayo, tatizo letu liko kwenye karatasi. Wimbo mmoja wa taarab una mwenye shairi, mwenye muziki, mwimbaji na wapigaji, na pengine aliyelipia studio, na kila mmoja wao huuita wimbo wake. Siti binti Saad, mwimbaji wetu mashuhuri wa taarab, alikwenda Bombay kurikodi mwaka 1928, na hadi leo vikundi vingi hugawana kazi kwa maneno matupu. Hoteli ikikubali kulipa, itamlipa nani?

Mwenye studio, Fuoni
Naomba kuongeza kwamba kuwakimbiza vijana wa vibanda ni kupoteza nguvu, kwani ukifungwa kibanda kimoja, kesho kinafunguliwa chengine mtaa wa pili. Hoteli ina leseni, anuani na mhasibu, na inaweza kulipa ada moja ya mwaka kwa chombo cha pamoja, badala ya kila mtunzi kwenda kugonga mlango. Lakini muombe msimamizi wa muziki wa hoteli aandike orodha ya nyimbo zinazopigwa. Bila ya orodha, ada hugawiwa kwa kukisia, na katika makisio hayo mtunzi wa Wete hana jina.

Mtunzi, Wete
Nashukuruni. Aliyetia muziki amefariki, na ameacha watoto. Je, hisa yake imekufa naye?

Wakili, Mjini
Haikufa. Kima cha chini cha Berne ni uhai wa mtunzi na miaka 50 baada yake, na haki ya mapato hurithiwa kama mali nyengine. Warithi wapitie Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ili ijulikane kwa hati nani atakayetia saini pamoja nawe. Ukishapata hati hiyo, andikianeni mgao wa kila wimbo kabla ya kuiandikia hoteli.