Benki ya huku Uingereza inanikata hela ya akaunti kila mwezi tangu 2015, kuna aliyewahi kurudishiwa?

MamaJ_Midlands
Habari za humu wadau, naomba mawazo hasa kwa nyie mlioko huku Uingereza muda mrefu. 2015 nilifungua akaunti kwenye benki moja kubwa tu (jina naliacha), ndo kwanza nimeingia nchini, yule dada aliyenihudumia akaniambia kwa vile mi mgeni na sina historia ya mkopo basi akaunti ninayoweza kupata ni hii ya kulipia, pauni 15 kwa mwezi, na eti hiyo ndo itanisaidia kupewa ovadrafti (ile ya kutoa hela zaidi ya uliyonayo) baadaye. Nikajua ndo utaratibu wa nchi. Ndani yake kuna bima ya safari, bima ya simu na ile huduma ya kuja kukuvuta gari likizima njiani. Jamani gari sina, leseni sina, mi na basi basi na mimi. Juzi shemeji kaiona stetimenti kwenye simu yangu akaniuliza hii hela ya nini, yeye yupo benki hiyohiyo halipi hata peni na ovadrafti anayo. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Je hela hii inadaika au ndo nimeliwa?

Kaka_wa_Reading
Pole dada. Mi naona ngumu, ulisaini. Wazungu na karatasi unawajua, watakutolea fomu yenye sahihi yako tu mchezo umeisha. Badilisha akaunti usonge mbele.

MzeeWaMafaili
Kaka hapo unamkatisha tamaa bure, sahihi peke yake haimalizi kesi. Swali wanaloangalia ni ulivyouziwa. Mabenki waliuza akaunti hizi za kulipia kwa watu wengi mno hasa miaka ya 2000 mpaka 2012 hivi, wafanyakazi walikuwa na malengo ya mauzo, ndo maana kuanzia 31 Machi 2013 ikawekwa kanuni kwamba benki wanapokuuzia lazima waangalie kama hizo bima kweli unaweza kuzidai, na kila mwaka wakutumie barua ya kukukumbusha ukague kama bado zinakufaa. Sasa MamaJ wewe umefungua 2015, kanuni ishakuwepo, kwaiyo walipaswa kukuuliza kama una gari. Walikuuliza?

Sababu zinazobeba malalamiko ni kama hizi: uliambiwa hakuna akaunti ya bure au ya bure hupati, uliambiwa bila hiyo hupewi ovadrafti au mkopo au mogeji (mkopo wa nyumba), ulihamishwa toka akaunti ya kawaida bila kujua, au bima zenyewe usingeweza kuzidai kwa sababu ya umri au ugonjwa uliokuwa nao. Wewe unazo mbili tayari. Lakini kitu kimoja watu wanakosea, ukienda ukasema "sijawahi kuitumia hiyo bima" halafu ukaishia hapo, watakukatalia, bima ni kama mwavuli, mvua isiponyesha muuzaji harudishi hela. Unatakiwa useme waliniambia nini na kwanini hakikuwa kweli.

BintiUnguja
Mzee kasema kweli, na mimi nongeze la bima ya safari maana hili sisi tunaoenda nyumbani linatugusa sana. Mama yangu alikuwa na akaunti ya namna hii, sie tukajua ana bima kila akienda Unguja, kumbe ukisoma kile kijitabu cha masharti ya bima, ilikuwa inamlinda safari isiyozidi siku 31, na mama akienda kwao harudi kabla ya miezi miwili mitatu, hiyo ndo safari yake siku zote. Juu ya hapo alikuwa na presha na sukari tangu kabla hajafungua, hakuna aliyemuuliza, na umri wa mwisho wa hiyo bima ulikuwa miaka 70, kaupita kitambo na hela wanaendelea kukata. Tuliandika barua, benki wakarudisha ada zote pamoja na riba bila hata kufika kwa ombudsman (wale wasuluhishi huru wa malalamiko ya mabenki). Basi nyie mnaokwenda na kukaa, kitafuteni hicho kijitabu msome sehemu ya siku, ya umri na ya maradhi, nyingine zinaishia Ulaya tu hata Afrika hazifiki.

Luton254
Sawa lakini si kila mtu anarudishiwa. Mimi walinikatalia. Nilikuwa nimevunja simu nikatumia bima yao wakanipa ingine, wakasema basi ulijua unacho na ukakitumia. Nikapeleka kwa Financial Ombudsman, nao wakakubaliana na benki. Sikulipa kitu lakini, huduma yao ni bure, hilo nawapa.

Na tafadhali msipeane hizo kampuni za kukudaia zinazotuma meseji "umeuziwa vibaya, tukusaidie". Wanaandika tu barua ileile ungeandika mwenyewe na wanakula mpaka asilimia 30 kwa hela ndogo kama hizi, na hiyo ni baada ya FCA (wasimamizi wa mabenki na kampuni za fedha) kuwawekea kikomo 2022, zamani ilikuwa hata hatari. Binamu yangu alitumia wao, barua ikasema hana gari na jamaa ana gari na alishavutwa nayo mara kadhaa kwa bima hiyohiyo 😂 benki wakatoa rekodi, kwisha.

MamaJ_Midlands
Asanteni sana jamani moyo umetulia kidogo. Hapana hakuniuliza gari wala nini, aliniuliza nakaa wapi na nafanya kazi wapi. Karatasi za 2015 sina hata moja nimehama mara nyingi. Na je si nimechelewa? Nimesoma sehemu miaka 6.

Kaka_wa_Reading
Hapo kwenye miaka 6 ndo nilikuwa naenda. Mzee jibu hiyo.

MzeeWaMafaili
Ni miaka 6 tangu ulivyouziwa, AU miaka 3 tangu ulipojua au ulipotakiwa kujua kwamba una sababu ya kulalamika, inayokuja baadaye ndo inahesabika. Wewe 6 ishapita kwaiyo unasimama kwenye hiyo 3, na wewe umejua juzi baada ya shemeji. Tegemea benki watasema "tulikutumia barua kila mwaka ungetakiwa kujua zamani", hapo ndo penye ubishi wenyewe. Lakini zile barua za kila mwaka zinakuuliza kama bima zinakufaa, hazikuambii kwamba ile kauli ya mgeni hapewi akaunti ya bure ilikuwa ya uongo, eleza hivyohivyo. Na hata kama muda wamekubana bado peleka, kuna benki huwa wanakubali kuliangalia.

Karatasi zisikutishe. Omba wakupe kila kitu walichonacho juu yako, ni haki yako kisheria, hawaruhusiwi kukulipisha (tangu Mei 2018) na wana mwezi mmoja kujibu. Omba hasa maelezo aliyoandika huyo dada siku ile. Malalamiko yenyewe andika kwenye programu ya benki au kwa barua, wana wiki 8 kukupa jibu la mwisho. Wakikataa au wiki zikapita kimya nenda kwa ombudsman, ila jibu la mwisho likishatoka una miezi 6 tu, wengi wanalala hapo. Kama Kiingereza cha simu kinakusumbua waambie wakutafutie mkalimani.

Hesabu sasa. Wakikubali lengo ni kukurudisha pale ambapo ungekuwa kama usingeuziwa, yaani ada zote pamoja na riba, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa 8% kwa mwaka ya kawaida, sio riba juu ya riba. Mfano wa miaka 5 tu: 15 mara miezi 60 ni pauni 900, na riba kwa hiyo 8% kwa kukadiria kama 180 hivi juu yake. Wewe una zaidi ya hiyo miaka.

BintiUnguja
Kwenye ile riba wanakata kodi 20% kabla ya kukupa, ya mama walikata. Tukajaza fomu R40 ya HMRC (watu wa kodi wa huku) wakairudisha hiyo kodi kwa sababu mshahara hana na pensheni yake ni kidogo. Msiwaachie.

MamaJ_Midlands
Nimeandika hivi: "Mwaka 2015 tawini kwenu niliambiwa kwamba kwa kuwa ni mgeni siwezi kupata akaunti ya bure. Sikuulizwa kama nina gari, na sikuwa nalo, sinalo mpaka leo. Ningeambiwa kuna ya bure ningeichukua. Naomba mrudishe ada zote na riba. Msipofanya hivyo nitawapeleka mahakamani na kwenye magazeti." Iko sawa?

MzeeWaMafaili
Toa mahakama na magazeti, weka "nitapeleka kwa Financial Ombudsman". Ongeza lile la ovadrafti umelisahau. Mengine safi.

Luton254
Na uhame kwa akaunti ya bure leo, usingoje jibu. Ila ulizia kwanza kama ovadrafti yako inabaki.

BintiUnguja
Na kama una tiketi ya kwenda nyumbani ushakata, nunua bima nyingine kwanza ndo uhame.

MamaJ_Midlands
Tiketi ni Desemba, ila nakaa wiki tatu tu safari hii. Basi bima kwanza. Barua naituma jioni nikitoka shifti.