Shaba ya Katanga ilifika wapi? Misalaba, kauri na shanga za makaburi ya Sanga

Mwalimu wa Katuba

Jambo bandugu wote. Natayarisha masomo mawili ya historia kwa mwaka wa sita wa sekondari, juu ya bidhaa za anasa na njia za biashara za zamani. Vitabu vyetu vinaanza na hariri ya China, vinapita kwenye pilipili ya India na ubani wa Uarabuni, vinafika Kilwa, halafu vinanyamaza. Katanga yetu, kusini mwa Kongo, inatokea tu pale mfalme Msiri anapojenga mji wa Bunkeya, karne ya 19. Lakini makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yalimtangulia Msiri kwa miaka mia nyingi, na ndani yake kuna kauri, yale makombe madogo ya Bahari ya Hindi, pamoja na shaba, nyingine imemiminwa kuwa misalaba, na shaba hiyo haichimbwi kule Upemba, bonde lenye ziwa hilo.

Ninachotaka kuelewa: kulikuwa kweli na njia kutoka huku hadi baharini, au tunajipendekeza? Shaba ni nzito. Nani aliibeba, na kwa faida gani? Na mtu akishika ushanga au kauri iliyotoka kaburini, atajuaje ilitoka wapi na lini? Naomba mambo yenye hesabu. Watoto wa mji huu wamekulia kati ya malori ya shaba, hawakubali maneno matupu.

Lufira

Mwalimu, anza na tumbo la mpagazi, mengine yote yatafuata.

Mzigo wa mtu mmoja kwa safari ndefu ni kama kilo 30. Mtu anayetembea na mzigo huo anakula karibu kilo moja ya unga kwa siku. Kutoka Lubumbashi hadi Kilwa ni kilomita kama 1,300 ukipima kwenye ramani kwa rula, na njia ya miguu haifuati rula. Kwa kilomita 20 kila siku, hiyo ni siku 65 bila mvua, bila mto uliofurika, bila ugonjwa. Kilo 65 za unga ili kufikisha kilo 30 za shaba! Hawezi kubeba chakula chake, kwa hiyo lazima anunue njiani, na atanunua kwa shaba ileile aliyobeba. Na bado hujamhesabia safari ya kurudi.

Kwingine walikuwa na wanyama. Pliny wa Roma, karne ya kwanza, aliandika kwamba ubani wa kusini mwa Uarabuni ulipita vituo 65 vya ngamia hadi kufika pwani ya Mediterania, na gharama ya ngamia mmoja, ushuru, maji, majani na malazi, ilifika dinari 688. Ubani uliweza kulipa gharama hiyo kwa sababu ulikuwa na bei kubwa kwa uzito mdogo. Sisi hatukuweza kuweka ngamia wala punda, maana ndorobo wa misitu ya miombo wanawaua. Kila kilo ilipanda kichwani au begani mwa mtu, isipokuwa pale mtumbwi ulipoweza kusaidia, kama kwenye mto Lualaba na maziwa ya Upemba.

Kwa hiyo usichore mshale mmoja mnene kutoka machimbo ya Kolwezi hadi Kilwa. Bidhaa zilipokezanwa mkono kwa mkono, kijiji hadi kijiji, soko hadi soko. Na kilichofungua vijia hivyo hakikuwa anasa. Ilikuwa chumvi ya Mwashya, samaki wakavu wa Upemba, majembe ya chuma, mtama. Watu wa Kisale walikuwa na samaki kupita kiasi bila kuwa na shaba. Machimbo yalikuwa kilomita 200 hadi 300 kusini kwao. Mtu aliyeleta samaki alirudi na shaba. Kauri moja iliweza kuingia ndani ya furushi la chumvi bila kuongeza uzito wowote, ndiyo maana ikafika mbali kuliko mtu yeyote aliyeibeba.

Mivukuto

Nakubaliana na Lufira juu ya wapagazi, ila ameruka swali la faida. Kabla ya kusema shaba ilikuwa nzito, tuone ilitoka vipi, maana thamani yake ilianzia hapo.

Kuyeyusha shaba katika ukanda huu wa Katanga na Zambia kulianza mapema. Kule Kansanshi, ng'ambo ya mpaka, ni karne ya 4 au ya 5. Kazi ilifanywa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, mashimo yakiwa makavu na watu wakiwa na nafasi. Walifuata malakiti, lile jiwe la kijani, ambalo likiwa safi lina asilimia 57 hivi ya shaba. Waliliponda na kuchagua kwa mkono, kipande kwa kipande. Mtu anayedharau hatua hii hajaelewa kazi: udongo na mawe matupu ukiyaingiza kwenye tanuru, utachoma makala bure na shaba itapotelea ndani ya mavi ya tanuru.

Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu unavumilia moto. Makala na jiwe vilipangwa kwa tabaka, hewa ikaingia kwa mivukuto ya ngozi kupitia mirija ya udongo. Shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1,085, lakini joto peke yake halitoshi. Makala lazima yatoe ile hewa chafu inayonyang'anya jiwe oksijeni yake. Hapo ndipo kazi nyingi zinaharibika: ukipuliza sana, shaba iliyokwisha kutoka inaungua tena na kurudi kuwa kutu, ukipuliza kidogo, unapata madonge yaliyochanganyika na mavi, hayamiminiki. Madonge yanayeyushwa mara ya pili kwenye chungu kidogo, makala yakifunika juu ili hewa isiiguse shaba. Halafu inamiminwa kwenye kalibu iliyochorwa mchangani au kwenye udongo. Kalibu ikiwa na unyevu, maji yanageuka mvuke, shaba inaruka na kumchoma fundi, na msalaba unatoka na vitundu kama mkate.

Hesabu sasa: siku za kuchimba, kuponda, kukata miti, kuchoma makala, kujenga tanuru. Kilo moja ya shaba ilikuwa kazi ya watu wengi, na ilikuwa nyekundu, inang'aa, haiozi. Huku bara ndiyo iliyokuwa anasa yenyewe. Wanafunzi wakisikia "anasa" wanafikiria dhahabu, lakini Afrika nyingi ya zamani haikuipanga hivyo. Msafiri Ibn Battuta alipopita Takedda, kusini mwa Sahara, mwaka 1353, alikuta shaba ikimiminwa kuwa fito: nyembamba za kununulia nyama na kuni, nene za kununulia watumwa, mtama na siagi. Na kwenye mchanga wa Mauritania, mahali panapoitwa Ma'den Ijafen, kulipatikana mzigo wa msafara uliofukiwa karne ya 12 hivi: fito kama 2,000 za shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, pamoja na kauri. Walikuwa wanaipeleka *kusini*, kwa watu wenye dhahabu. Onyesha hilo darasani kwanza.

Mwalimu wa Katuba

Aksanti sana, Lufira na Mivukuto. Basi niulize wazi: misalaba ya Sanga ilikuwa pesa au pambo? Na kama shaba ilikuwa anasa ya huku bara, bahari ilitaka nini kwetu?

Kamalondo

Mwalimu, jibu la msalaba linategemea kaburi la wakati gani, na ni moja ya majibu mazuri zaidi tuliyonayo katika historia ya pesa Afrika. Sanga ilichimbuliwa na wanaakiolojia Nenquin na Hiernaux mwaka 1957 na 1958, halafu Pierre de Maret akaendelea Upemba miaka ya 1970 na kupanga vipindi. Kipindi cha Kisale, hasa karne ya 10 hadi ya 13, makaburi yana vyungu vizuri mno, mapambo ya shaba, bangili za pembe, kauri chache. Msalaba ni nadra, na ni mkubwa. Baadaye, kipindi cha Kabambi, misalaba inaongezeka, ya ukubwa mbalimbali, na mara nyingi imelazwa kifuani mwa marehemu. Halafu, kuanzia karne ya 16 hivi, inakuwa midogo, inafanana sana, ni mingi, na imewekwa kwa mafungu karibu na mikono au kiunoni, mahali mtu anapofunga mkoba.

Kitu kimoja kikubwa kifuani kinasema cheo. Vitu vingi vidogo vinavyolingana, vimefungwa fungu karibu na mkono, vinasema kuhesabu na kulipa. Yawezekana katikati vilitumika kwa malipo mazito tu, kama mahari, kabla ya kushuka hadi manunuzi ya kila siku. Kwa hiyo anasa iligeuka pesa polepole, kaburi kwa kaburi, na tunaweza kuipima kwa rula. Usiwaonyeshe wanafunzi ile misalaba mikubwa ya karne ya 19, ya karibu kilo moja, ukasema ndiyo ya Sanga. Huo ndio uliokaa kwenye bendera ya Katanga ya 1960, na watu wanauchanganya kila siku.

Tahadhari nyingine: umbo la msalaba peke yake halithibitishi chimbo. Misalaba inatokea pia Ingombe Ilede, upande wa Zambia karibu na Zambezi, kilomita kama 500 kusini mwa Lubumbashi. Makaburi ya pale, ya karne ya 15 na 16, yaligunduliwa mwaka 1960: dhahabu, nguo za pamba, shanga za vioo, makombe ya koni, misalaba, na vyombo vya kuvutia waya wa shaba. Lakini Zimbabwe nayo ina shaba yake, si mbali na pale. Kalibu inaigwa kirahisi. Kinachotenganisha chimbo na chimbo ni kipimo cha isotopu (aina za atomi) za madini ya risasi yaliyomo ndani ya shaba, kazi ya maabara.

Kuhusu bahari: ilitaka pembe na dhahabu. Mwandishi Mwarabu al-Masudi, karne ya 10, anasema pembe za nchi ya Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki, zilipelekwa Oman, na kutoka huko India na China. Pembe ya tembo wa Afrika ni kubwa na laini kuchonga, na India ilihitaji bangili za maharusi kila mwaka, hitaji lisilokwisha. Shaba ya Katanga haikulazimika kufika baharini. Ilienda hatua kadhaa, ikabadilishwa kwa watu waliokuwa karibu zaidi na tembo au na dhahabu, nao wakapeleka hizo pwani. Kauri zilirudi kwa mlango huohuo. Ndiyo maana ukitafuta shaba yetu pwani ili kuthibitisha biashara, unatafuta mahali pasipo penyewe. Mtafute aliyekaa katikati, kama hao wa Ingombe Ilede.

Ushanga wa Bahari

Nibaki na swali la tatu, kwa sababu hapo ndipo makosa ni mengi.

Kauri: geuza mgongo uangalie. Ikiwa na pete ya njano mgongoni, ni ile ya pete, inayojaa kwenye miamba ya pwani ya Afrika Mashariki. Ikiwa na vinundu pembeni na haina pete, ni ile iliyovunwa kwa wingi Maldives. Shida: nyingi zimekatwa mgongo ili zishonwe kwenye nguo au kamba, na alama imekwenda na mgongo. Hapo angalia umbo la ukingo, na usiandike asili kama huna uhakika.

Shanga za kioo: rangi haisemi kitu. Kinachosema ni mchanganyiko wa kioo. Ikiwa maginesi na potasi zote zinapita asilimia 1.5 hivi, kioo kilipikwa kwa majivu ya mimea, mtindo wa Mashariki ya Kati. Ikiwa aluminamu ni nyingi na maginesi ni kidogo, kioo kilipikwa kwa magadi ya ardhini, mtindo wa India. Siku hizi wanapiga nukta kwa mwali wa leza na kusoma mvuke wake. Ushanga unabaki mzima.

Kosa kubwa ni la tarehe. Ushanga ukiwa wa karne ya 11, haimaanishi kaburi ni la karne ya 11. Bibi alimrithisha binti, binti akamrithisha mjukuu. Ushanga unasema tu kwamba kaburi *si la kabla* ya hapo. Makala ya mti mzee, yakipimwa umri kwa kaboni, nayo yanadanganya kwa kuonyesha tarehe ya zamani mno, kwa sababu moyo wa mti ulikufa miaka mingi kabla ya kukatwa. Na shanga zilizookotwa juu ya ardhi baada ya mvua usizitumie kabisa kwa tarehe, kwa sababu za Venice za karne ya 19 zimelala pamoja na za zamani.

Na kwa ramani yako, Mwalimu: usisahau upepo. Kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, huleta majahazi kutoka Uarabuni na India. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, huyarudisha. Kilwa ilikaa karibu na mwisho wa pale jahazi linapoweza kufika na kurudi ndani ya msimu mmoja. Kwenda Sofala, pwani ya Msumbiji, kulihitaji kungoja msimu mwingine, na aliyemiliki mahali pa kungojea alimiliki dhahabu. Sarafu ya sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, wa karne ya 14, imepatikana hadi Great Zimbabwe.

Lufira

Kamalondo yuko sawa juu ya mtu wa katikati, naondoa Kilwa kwenye hesabu yangu. Mwalimu, hesabu ile ifanye hivi: Kolwezi hadi Kisale, siku 15 hivi, unga kilo 15 kutoka mzigo wa 30. Hapo mpagazi anabaki na nusu ya mzigo, na samaki wa kurudi nao wanalipia nusu iliyoliwa. Waletee darasani mfuko wa makala wenye kilo 30, waubebe kuzunguka uwanja, halafu wakuambie wangebeba nini ndani yake.