Kondo la nyuma limekaa chini wiki ya 20: akandwe tumbo lipande?

Wa_Mwera: Asalaam aleykum jamani. Ripoti ya ultrasaundi ya wifi yangu, wiki 20: kondo liko chini, ukingo upo milimita 14 kutoka mlango wa kizazi. Hatoki damu. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Wazee wanataka akandwe tumbo lipande. Ni sawa?

MkungaChumbageni: Waaleykum salaam. Asikandwe kabisa! Kondo limejishika ukutani mwa mji wa mimba, mkono hauliinui. Unaweza kulibandua, damu ikamwagika. Huko "kupanda" ni sehemu ya chini ya mji wa mimba kurefuka miezi ya mwisho, ukingo ukaachana na mlango. Wajawazito 9 hivi kati ya 10 hutengemaa hivyo bila kufanyiwa chochote. Kinachonitia wasiwasi kwake ni ule mshono: unapunguza bahati hiyo, na kondo likikaa juu ya kovu linaweza kuzama ndani ya nyama, lisibanduke baada ya kuzaa. Amwambie mpimaji aangalie kovu.

Mpimaji_TA: Arudie wiki ya 32, likiwa bado chini, tena wiki ya 36. Kipimo cha kupitia ukeni ni salama na ndicho sahihi zaidi. Kile cha juu ya tumbo, kibofu kikijaa mno, huonyesha kondo liko chini kuliko lilivyo. Dai ripoti yenye milimita, neno "chini" peke yake halitoshi. Likivuka milimita 20, kondo si kizuizi tena cha kuzaa kwa njia ya kawaida. Likifunika mlango ni upasuaji, mara nyingi wiki ya 36 hadi 37, kabla uchungu haujaanza.

Wa_Mwera: Ahsanteni. Na damu ikitoka?

MkungaChumbageni: Damu nyekundu mbichi isiyo na maumivu: hospitali saa hiyohiyo, hata ikikatika yenyewe. Aonyeshe ripoti kwanza, asipimwe njia kwa kidole. Tendo la ndoa lisimame.

Nyie mko ng'ambo ya mto Pangani, na damu haitangoja kivuko. Kondo likiwa bado chini wiki ya 32, ahamie kwa ndugu Tanga mjini, karibu na hospitali ya Bombo. Kundi la damu lijulikane mapema. Kundi likiwa hasi (Rh hasi), kila akitoka damu aulizie sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake usitengeneze kinga dhidi ya damu ya mtoto. Wingi wa damu usishuke chini ya gramu 11 kwa desilita. Vidonge vya madini ya chuma ameze kila siku, mbali na chai, maana chai huzuia chuma kufyonzwa. Tafuteni na ndugu wawili wa kuchangia damu.