Kukadiria idadi ya panya wa bondeni kwa mitego

Mwalimu, Wete
Assalamu alaikum. Wanafunzi wangu wa bayolojia wanataka kujua bonde la mpunga lililo karibu na skuli yetu lina panya wangapi. Tunayo mitego ya sanduku inayonasa mnyama akiwa hai, na chambo chetu ni nazi ya kuchoma. Tukishawanasa, tufanye hesabu gani? Na je, njia hiyo itafaa pia kwa popo wa Kidike?

Mtafiti, Unguja
Waalaikumu salaam, Mwalimu. Wanaseni, watieni alama, waachieni, kisha wanaseni tena. Ndiyo njia ambayo C. G. J. Petersen wa Denmark aliitumia kwa samaki katika miaka ya 1890. Tuseme mara ya kwanza mmenasa panya 40, mkawapunguza manyoya kidogo mgongoni na kuwaachia pale pale mlipowanasa. Baada ya siku chache mkanasa 50, na 10 kati yao wana alama. Zidisha 40 kwa 50, ugawe kwa 10, utapata makadirio ya panya 200.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, masharti yake ndiyo mazito. Alama isipotee, panya wasiingie wala kutoka bondeni kwa wingi, na kila mmoja awe na nafasi sawa ya kunaswa. Sharti hili la mwisho huvunjika mara nyingi, kwa sababu yupo panya aliyeonja nazi akawa anarudi kila usiku, na huyo huishusha hesabu chini ya idadi halisi. Na yupo aliyetishika asiukaribie mtego tena, naye huipandisha. Msitege wakati wa mavuno, maana mpunga ukikatwa panya huhama.

Muuguzi, Chake Chake
Mwalimu, kagueni mitego alfajiri, kabla jua halijapasha bati moto. Nakusihi pia wanafunzi wasishike panya bila glovu, kwani mkojo wake hueneza homa ya mgunda.

Mkaazi wa Kidike
Popo wetu tafadhali msiwanase. Hawapatikani popote duniani isipokuwa Pemba, na kwa kuwa mchana hulala mitini kwa makundi, huhesabiwa magharibi wanaporuka kwenda kula, kila mhesabuji akishika upande wake wa anga. Hata kima punju wa Unguja walihesabiwa bila mtego, kundi kwa kundi, wakaonekana kuwa zaidi ya 5,800.